Malkia Kawa Manjano

Kijiwe chetu ni benchi lenye mguu mmoja wa kuazima, mbele ya kibanda cha Spoki, fundi baiskeli. Mkewe anafua mashuka kwenye nyumba ya wageni, kwa hiyo mchana kutwa binti yao mchanga, tunayemwita Malkia, analelewa na kijiwe: mara goti la huyu, mara bega la yule. Alizaliwa kabla ya siku zake, na kwa muda mrefu kijiko kikimkaribia alikuwa anafumba mdomo kama kufuli. Tulimwombea sana. Siku hizi anakula, Mungu ashukuriwe. Ila asubuhi ile mama yake alimwogesha akaona viganja vimekuwa manjano, na ncha ya pua vilevile. Akamfunga mgongoni, mbio zahanati. Sisi tukabaki na kahawa na hofu. Nilianza kumwombea dua, lakini Mungu anisamehe, niliiachia njiani, masikio yalishanasa kwenye ubishi.

— Nyongo hiyo imepasuka, alisema Daktari. Huyu anafagia zahanati, basi kajipandisha cheo mwenyewe. — Ikipasuka inakimbilia viganjani. Ndiyo maana wahenga wakasema, haraka haraka haina baraka.

— Wahenga wanaingiaje hapo?

— Nyongo haina subira, Rangi. Waliiona.

Rangi anapaka nyumba za watu. Akatua kikombe.

— Blanketi lake lile! Jipya, la manjano, linachuja. Mtoto analowa jasho, rangi inaingia. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

— Rangi ni wewe! Daktari akamjia juu. — Juzi ulipaka duka zima manjano, ukaja hapa ukambeba. Kavuta hewa yako.

— Hewa ipake mtu? Basi mimi ningekuwa bendera!

— Au mwezi, akadakia Mzee Birika, muuza kahawa. — Mwezi mpevu ukimpiga mtoto dirishani, mtoto hunyonya rangi yake.

Spoki alikuwa anakunja spoki nzima ya gurudumu, ambayo haikuwa na kosa.

— Jamani, au ni chakula? akauliza.

Tulimrukia wote kwa pamoja.

— Chakula? Haiwezekani!

— Chakula kikishuka kimeshuka, alisema Rangi. — Kingekuwa kinapaka, kwa kahawa hii wewe ungekuwa lami.

— Na kama ni ini? Spoki akauliza. — Mtoto mwenyewe tumempata kwa machozi.

Hapo niliirudia dua yangu, nikaimaliza.

Shemeji, mke wa Spoki, akatokea kwenye kona, mtoto mgongoni. Hakuwa anakimbia. Tukamsoma miguu mpaka alipofika, akamshusha mtoto, akaketi.

— Mzima.

Spoki alikaa chini palepale, kwenye grisi. Mzee Birika alimshukuru Mungu kwa sauti, mtaa mzima ukageuka.

— Muuguzi kamfunua macho, shemeji akasema, — weupe wa jicho ni mweupe. Ingekuwa ini, macho yangetangulia. Hii ni rangi ya karoti na boga.

— Chakula, Spoki akanong'ona.

— Anasema rangi ile haielewani na maji, rafiki yake mafuta. Karoti mbichi nyingi inapita tu. Ila ukiipika, ukaiponda, ukatia mafuta kidogo, rangi inayeyukia humo, utumbo unaipokea pamoja na mafuta, unaipeleka kwenye damu. Nyingine mwili unaigeuza vitamini ya macho. Ikizidi, inakaa kwenye ngozi. Haina ubaya. Tumpunguzie, itafifia yenyewe.

— Si nilisema rangi ya mafuta ndiyo inashika? alisema Rangi.

— Ulisema blanketi!

Tulicheka, kicheko cha watu waliotoka msibani kabla msiba haujafika. Shemeji alingoja tunyamaze.

— Sasa naomba kuuliza kitu kimoja, shemeji zangu. Mimi nampa karoti vijiko viwili asubuhi, basi. Muuguzi anasema kwa manjano hii mtoto anakula kutwa nzima. Nyingine anampa nani?

Daktari aliona tope kwenye kiatu chake. Mzee Birika akamimina kahawa kwenye kikombe kilichojaa. Rangi akasukuma kopo lake la chakula chini ya benchi kwa kisigino. Mimi nilifumba macho kama mwenye kusali, na boga lililoungwa vizuri kwa mafuta linanipasha joto ndani ya mfuko. Kumbe kila mmoja alikuwa na kijiko chake, na kila mmoja alikuwa akilala akimshukuru Mungu kwamba ni yeye peke yake aliyemfungua Malkia mdomo.

Malkia akamtazama Daktari, akafungua mdomo. Akageukia kopo la Rangi, akafungua. Kwa Mzee Birika, akafungua. Kwangu akafungua na kunyoosha mikono.

Shemeji akaanza kucheka, machozi yanamtoka, anasema Mungu awalipe, Mungu awalipe nyote.

Mwisho Malkia akamwona baba yake pale kwenye grisi. Kwake yeye akafungua mdomo mpaka tukaona jino jipya.