Jenoveva Mgonja, Aliyefuatwa na Mumewe Hadi Kwakoa

Jenoveva Bartholomeo Mgonja alizaliwa Bombo, wilayani Same, tarehe 14 Machi 1974, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Bartholomeo Mgonja na Mama Dorkas, wakulima wa tangawizi na migomba. Mama Dorkas, tuliye naye hapa leo, anakumbuka siku moja ya soko, Jenoveva akiwa na miaka tisa. Mtoto alishinda kimya karibu na mizani. Walipofika nyumbani ndipo aliposema, "Mama, yule baba wa kofia ya bluu analowanisha tangawizi ili ziwe nzito." Mama akamuuliza mbona hakusema palepale. Akajibu, "Wanawe walikuwepo. Wangeaibika."

Alisoma shule ya msingi hapa Bombo, akamaliza mwaka 1988. Sekondari alisomea Moshi, na mwaka 1998 akahitimu shahada ya kilimo mjini Morogoro. Mzee Bartholomeo, ambaye sasa ni marehemu, alichinja mbuzi wawili.

Mwaka uliofuata aliajiriwa serikalini. Kwa miaka ishirini na mitano sisi ndugu zake tulijua kwamba anashughulika na takwimu za mifugo Dodoma. Leo tumeruhusiwa kusema kwamba Marehemu alikuwa mtumishi wa usalama wa taifa. Mengi ya kazi yake hatuyajui na hatutayauliza. Moja tunalijua, na mume wake ameomba lisomwe mbele ya kaburi hili.

Jumamosi ya tarehe 6 Januari 2001, Marehemu alifunga ndoa na Vitus Mchome, mwalimu wa hisabati, wakajenga Maore. Mungu akawajalia watoto wawili, Melkizedeki na Blessing. Mwalimu Vitus anasema hakupata kuona kosa kwa mke wake, ila yeye mwenyewe alikuwa na wivu, na wivu huo ulikua pamoja na watoto. Jenoveva alikuwa akisafiri wiki mbili, akirudi bila hadithi. Alikuwa na simu ya pili. Ikiita, alitoka nje hadi kwenye migomba.

"Nani huyo?" Mwalimu aliuliza.

"Ni kazini."

"Kazini hakuna mtu mwenye jina?"

Alikagua tiketi za basi. Alinusa mitandio. Mke wake akicheka na muuza duka, Mwalimu hakugusa chakula siku hiyo. Mwalimu mwenyewe anasema alikuwa akisahihisha madaftari huku akimwona mawazoni mwanamume asiyemjua, mrefu, mwenye mashati mazuri, akimsikiliza Jenoveva akisimulia yale ambayo yeye hakusimuliwa.

Septemba 2019 Jenoveva aliaga kwamba anakwenda semina Dodoma. Siku chache baadaye Hezroni, aliyewahi kuwa mwanafunzi wa Mwalimu na sasa ni mfanyabiashara wa mbuzi, alisimama mlangoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Biashara inasemaje?"

"Inakwenda. Nilimwona mama mnadani Kwakoa, Jumatano. Nikamwamkia, akapita kama hanijui."

"Alikuwa peke yake?"

Hezroni akatazama chini. "Alikuwa na mwanamume, Mwalimu. Wanakunywa chai."

Jumatano iliyofuata, tarehe 18, Mwalimu aliomba ruhusa shuleni, akapanda basi la asubuhi mpaka barabara kuu, kisha bodaboda mpaka mnadani. Akamkuta mke wake mgahawani, amejitanda kanga kichwani, ameketi na mwanamume. Mwanamume huyo alikuwa mfupi na shati lake limepauka, lakini Mwalimu hakuliona hilo. Aliona kwamba Jenoveva ameinamisha kichwa na kumsikiliza kwa makini, na makini hayo aliyahesabu kuwa yake yeye.

Alimwita kwa sauti ya darasani. "Jenoveva Bartholomeo Mgonja! Mke wangu wa ndoa, mtumishi wa serikali! Hii ndiyo semina ya Dodoma?"

Mnada wote ukageuka. Wana-Kwakoa walimjua mama yule kwa jina la Bi Shamsa, mnunuzi wa ngozi. Kwa miezi kumi na minne alikuwa amelitunza jina hilo, na mume wake alilimaliza kwa pumzi moja. Jenoveva alisimama, akamwambia yule mwanamume maneno mawili ambayo Mwalimu hakuyasikia, kisha akamshika mume wake mkono na kumwambia, "Twende nyumbani, Baba Melki."

Mwaka huo hakusafiri tena. Alihamishiwa kazi ya mezani mjini Same, akawa anarudi Maore kila mwisho wa juma. Mwalimu alihesabu kwamba ameshinda, naye anakiri kwamba alifurahi.

Agosti 2024 Marehemu alianza kusumbuliwa na tumbo. Alitibiwa Same, kisha Moshi, ambako aligundulika kuwa na kansa ya kongosho. Novemba, wageni wawili, mtu na mkewe, walifika wodini kumwona. Mwalimu akamtambua mwanamume mara moja. Ni yule wa mgahawani. Anasema damu ilimpanda kichwani kama siku ile, mgonjwa akiwa kitandani.

"Umefuata nini huku?"

Aliyejibu ni mke wa mgeni. "Shemeji, mimi ni Mwanaidi. Huyu ni mume wangu, Hamisi. Mama huyu alitutoa Kwakoa tukiwa hai."

Hamisi alikuwa wakala wa laini za simu. Aliona kwamba wazee wanawekeshwa alama za vidole mara tatu, mara nne, na laini zinazosajiliwa kwa majina yao zinakwenda kwa watu waliokuwa wakishawishi vijana kuvuka mpaka na kupelekwa mafunzo ya silaha. Alikuwa akimletea Jenoveva majina. Baada ya kelele za mnadani kibanda chake kilichomwa moto, lakini familia ilikuwa imekwisha kuhamishwa. Vijana watatu waliotarajiwa kuzuiwa wiki ile walivuka. Wawili wamerudi.

Wageni walipoondoka, Mwalimu alipiga magoti kando ya kitanda. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikula kiapo," Jenoveva akasema. Kisha akaongeza, "Miaka yote ulitaka kujua niko wapi. Hukuniuliza hata siku moja kama nimechoka."

Kuanzia siku hiyo hadi mwisho Mwalimu alimuuliza swali hilo kila asubuhi, naye akamjibu kila asubuhi. Marehemu alifariki dunia Jumapili, tarehe 9 Februari 2025, mumewe akiwa amemshika mkono.

Juzi walifika msibani watumishi wenzake wanne, wakaketi nyuma. Mwalimu aliwaendea, akawaomba wamwambie jambo moja tu kuhusu mke wake, lolote lisilo siri. Mama mmoja akafikiri, akasema, "Alikuwa mchekeshaji wetu. Tulikuwa tunalia kwa kucheka." Mwalimu aliwashukuru, akaenda kukaa peke yake. Kwa kicheko hicho, anasema, anawaonea wivu mpaka leo.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, mama mzazi, kaka wawili, dada mmoja na wajukuu wengi wa ndugu zake. Mwenyezi Mungu aliyetujalia yeye amempokea. Apumzike kwa amani, Jenoveva wetu.