Sehemu ya Mwalimu Hyacinthe Iliyobaki Kazini

Tunayemsindikiza leo, Mwalimu Hyacinthe Kashindi, alizaliwa Luberizi tarehe 3 Agosti 1962, mtoto wa pili wa wakulima wa mpunga. Alisoma shule ya msingi hapo hapo, kisha akapata diploma ya ualimu Uvira mwaka 1982.

Alifundisha hadi 2021. Hakupiga wanafunzi wala kupaza sauti. Darasa likijaa kelele, alimtafuta aliyeanzisha, akaenda kusimama kando yake, kimya, mpaka wengine wakatulia. "Darasa haiko mubaya," alizoea kuwaambia walimu vijana. "Iko mumoja tu."

Mwaka 1988 alifunga ndoa na Bénédicte, binti wa Rurambo, wakajaliwa watoto wanne.

Mwezi Machi 2023, huko Kampala, alikutwa na saratani ya ini. Dawa ilipunguza uvimbe kwa muda, kisha ukaanza kukua tena huku akiendelea kudungwa. Binti yake Fabiola, mtoto wake wa kwanza, anafanya kazi katika maabara mjini humo. Kwa idhini ya marehemu, kipande cha uvimbe kilipelekwa huko, na chembe hai zake, yaani seli, zikaendelea kuishi humo. Nazo zilikataa dawa, kama uvimbe ulivyoikataa tumboni mwake. Watafiti wakaitafuta jeni iliyozisaidia kuitoa dawa nje, wakainyamazisha. Dawa ile ile ikaziua. Marehemu alipoelezwa alicheka, akasema hilo alilijua tangu darasani. Kisha akauliza kama angeweza kufanyiwa yeye. Fabiola hakumficha: bado ni miaka mingi kabla tiba hiyo haijafika kwa watu.

Alifariki nyumbani kwake Kalundu, alfajiri ya Ijumaa, 14 Juni 2024. Asubuhi hiyo, mfanyakazi mwenza wa Fabiola alifungua kabati la maabara, akakuta chembe zilizohifadhiwa kwa majaribio mengine zimeongezeka. Kabati hilo hutunzwa katika joto la mwili wa mtu. Mikono ya marehemu ilikuwa imeshapoa.

Katika ukoo wetu, kabla kaburi halijafunikwa, kaka mkubwa wa marehemu huuliza, "Tumemuleta yote?" Mtoto wa kwanza hujibu, "Tumemuleta yote." Baba mkubwa Norbert aliposikia habari za chembe, alisema, "Miye siziki muntu nusu." Akaagiza zitupwe. Zikitupwa, kazi yote inaishia hapo.

Ndipo Fabiola akamweleza maneno aliyoachiwa na baba yake Jumapili ya mwisho: "Mukubwa wangu atakuuliza. Weye usimudanganye. Sema ingine iko ku kazi."

 Baba mkubwa alisema atauliza kama ilivyo desturi, na jibu atakalopewa atalipokea. Muda si mrefu tutamsikia akiuliza.

Marehemu ameacha mjane, Mama Bénédicte, watoto Fabiola, Emery, Lionel na Félicité, wajukuu sita, kaka yake Norbert, na chembe zake, ambazo hata sasa tunaposoma haya zinaendelea kugawanyika.

Sehemu tunayoizika hapa ipumzike kwa amani. Ile nyingine isipumzike bado.