Rada na Kopo la Biskuti

Mwaka 1998, kwenye kivuko cha kutoka Kamanga kwenda Mwanza, nilikaa nyuma ya sajini mstaafu na binti anayeuza kompyuta mjini. Binti alikuwa amemwamkia tu, mzee akajipatia hadhira.

"Hizo zenu zinaugua virusi kama kuku wenye mdondo," mzee alisema. "Kompyuta ya rada yetu pale kambini niliikuta mwaka sabini na nane, na mpaka leo inalinda anga la ziwa zima. Sasa wanataka kuibadilisha. Kwa lipi?" Binti akajibu kwa upole wa muuguzi, "Imezeeka, mzee wangu. Hata diski zake hazitengenezwi tena." Mzee akacheka. "Ninazo tatu. Nimezihifadhi kwenye kopo la biskuti, nyumbani kule Kamanga."

Nilimtazama upya mtu huyu aliyefungia anga letu ndani ya kopo.

"Nyumbani kwako? Si umestaafu?" binti aliuliza. "Mwaka wa nne huu. Ningewaachia vijana, wangeziharibu. Hata namna ya kuiwasha sijamwandikia mtu. Iko humu." Akagonga kipara chake, nacho kikaitika kama debe. "Na siku ikizima?" Mzee akamtazama kwa huruma. "Ile haizimi, binti."

Kivuko kikagusa ng'ambo, mlango ukashushwa. Palikuwa na Landrover ya jeshi, na koplo mmoja akaja mbio, jasho likimtiririka.

"Shikamoo afande. Umekuja na kopo?"