Taa ya Mama Candide, Kilibula

Ndugu, majirani, na nyinyi munaosimama kule ku barabara mukiogopa kuingia: nimepewa kazi ya kusoma maisha ya yaya yangu, dada yangu mkubwa, kwa sababu miye Étienne ndiye mwenye sauti kubwa kushinda wote mu familia. Kuandika pia ninajua, hata kama shule niliiacha mwaka wa nne.

Marehemu Mama Candide Nabintu alizaliwa Runingu tarehe 14 Mei 1961, mtoto wa kwanza wa walimaji wa muhogo. Alisoma palepale, akamaliza shule ya msingi mwaka 1974, huku amenibeba mugongoni.

Mwaka 1982 alienda Bujumbura, akawa mpishi wa Mama Hansa, mjane Muhindi muuza vitambaa. Kila asubuhi alimuona akiwasha taa mbele ya picha ya Krishna, mungu wa Wahindu, akipiga kengele ndogo, akiweka maua na tunda. Hakuna aliyemulazimisha. Alianza kwa kukaa pembeni tu, na moyo wake ukabaki pale.

Mwaka 1986 aliolewa na Damien Ngongo, seremala wa hapa Kilibula, Mkatoliki asiyekosa misa. Mama Hansa alipohama mwaka 1993, alimuachia yaya picha, taa ya shaba na kengele. Damien mwenyewe akapigilia kibao ukutani. Alisema: "Weye omba huku, miye nitaomba kule. Ugali tutakula sahani moja." Damien alitangulia mwaka 2014.

Siku moja ya mwaka 2009 nilifika na njaa, nikakuta ndizi ku kibao, nikala mbili. Binti yake Léocadie akapiga kelele: "Mjomba! Ile ni ya Mungu wa mama!" Miye, simba wa Runingu, nikakaa chini kungoja kufa. Yaya alicheka mpaka akashika mlango.

"Mudogo wangu, tukiisha kuomba, tunazigawanya na kuzikula. Weye umemutangulia Mungu tu. Haya, kula na ya tatu."

Mwaka huu hatukucheka. Mwezi wa tatu kipindupindu kiliua watoto wawili ku avenue yetu. Watu wakasema kengele ya Candide ndiyo inaita kifo, wakarusha mawe ku mabati. Yaya alikuwa tayari mgonjwa wa moyo. Aliifunga kengele kwa kitambaa isilie, lakini taa hakuiacha. Alikufa nyumbani siku ya Alhamisi, tarehe 11 Julai 2024, saa mbili asubuhi, taa ikiwaka. Alikuwa amemuambia Léocadie: "Siku ya kunizika, isikose kuwaka."

Jana tuliletewa ujumbe: taa ikiwaka leo, nyumba nayo itawaka. Asubuhi Léocadie alishika kibiriti, kikamuponyoka mara tatu. Akanitazama. Basi nimeiwasha miye, kwa mkono huu ulioshika karatasi. Mlango uko wazi nyuma yangu. Muingie muone: picha, taa, kikombe cha maji, ndizi. Hakuna kingine.

Marehemu ameacha watoto wawili, Léocadie na Chance, wajukuu wanne, na miye mudogo wake. Tukitoka makaburini tutagawanya ndizi. Mwenye kuogopa akae karibu na miye, tuogope pamoja.

Pumzika, yaya. Taa iko inawaka.