Inadaiwa Alifariki

Ndani ya basi, fundi muashi alimtambua mwandishi wa habari za siasa kwa ile picha ya nyuma ya kitabu chake, ambacho fundi alikuwa nacho mkononi. Akahama kiti, akakaa naye bega kwa bega, mwandishi akabanwa dirishani.

"Mzee wangu, miaka ishirini na tano unawaandama wakubwa kwa kalamu, hongera. Lakini hapa, kwenye habari ya ile wodi iliyokosa oksijeni, umeandika, 'Inadaiwa mwanamke mmoja alifariki.' Huyo ni mke wangu. Inadaiwa na nani? Nimemzika kwa mikono hii."

"Pole sana, ndugu yangu. Hilo neno ni kinga tu. Waziri angenishtaki."

"Kwa hiyo kinga ukampa waziri, mimi ukaniachia shaka."

Mama wa kiti cha mbele akaguna. "Ndivyo ilivyo: wakubwa wakifa hufariki na bendera hushushwa, sisi tukifa tunadaiwa."

Mwandishi akajitetea kwamba ameshafungwa mara mbili kwa sentensi fupi kuliko hiyo. Fundi akajibu kwamba hilo analijua, na ndilo lililomfanya akinunue kitabu.

Mwandishi akashusha pumzi, akakichukua kitabu, akalikata lile neno kwa mstari mnene na kuweka sahihi pembeni.

"Haya, yamekwisha."

"Yamekwisha humu. Na vile vilivyoko madukani?"

"Vile vina mwanasheria, ndugu yangu."

Dereva akazima injini, akatangaza mwisho wa njia. Mwandishi akainuka na mkoba wake. Fundi hakusogeza magoti kumpisha.