Nafasi Moja Kati ya Hamsini

Usiku ililia honi moja ya basi, ndefu, na Bariadi ikajua gari la Lalago limejinasua kwenye matope. Asubuhi, kwenye benchi la kahawa la Domitila, tulikuta fomu iliyokuja nalo. Binti wa Mayige amechaguliwa kusomea udaktari kwenye chuo kinachopokea watu hamsini tu nchi nzima. Mzazi atie saini, fomu irudi na basi la saa sita. La sivyo nafasi anapewa mwingine. Mayige alikuwa kwenye kikombe cha tatu, fomu gotini, kalamu hajaigusa. Miaka minne nyuma binti huyo alikataa kuolewa, ng'ombe thelathini wa mahari wakarudi walikotoka, na mzee akapiga marufuku jina lake kutajwa mbele yake. Binti akahamia kwa mjomba wake Lalago. Sisi tukazoea kumwita "yule".

Januarius, ambaye tangu aanze kuwanunulia pamba matajiri wa Mwanza tunamwita Soko Huria, alisema udaktari siku hizi unapangwa madaraja kama pamba, na yule ni daraja la kwanza.

— Haba na haba hujaza kibaba. Ndiyo maana wamechukua hamsini tu.

Ngeleja, karani mstaafu wa ushirika, akaapa kwamba wasahihishaji walirudia hesabu za yule mara tatu, mwishowe wakazinakili wakafundishe watoto wao. Soko Huria akapandisha dau: yule akihitimu, wagonjwa watatoka Nairobi, walale foleni hapa kwetu.

— Lakini asiyesikia la mkuu huvunjika guu, Ngeleja akasema, akimtupia Mayige jicho.

— Akivunjika atajifunga plasta mwenyewe, Domitila akamjibu. Wewe lako nani atalifunga?

Tulicheka. Mayige hakucheka.

Evalina, muuza dagaa wa Kalemela, mgeni pale, alikuwa ameshusha ndoo yake akisubiri kahawa. Akauliza:

— Huyo daktari wenu anaitwa nani?

Kila mtu akatazama kikombe chake. Soko Huria akakohoa. Domitila akachochea moto usiohitaji kuchochewa.

Mayige alifuta vidole kwenye shuka, akashika kalamu, akaandika saini yake polepole, herufi moja moja. Kisha akamgeukia yule mama.

— Ng'washi, akasema. Ng'washi, ng'wana Mayige.