Jina Tulilolichonga Kabla ya Ruhusa

Mgeni rasmi, Mama Mkurugenzi wa ofisi inayosimamia anwani za mtandao za nchi yetu. Papa mkuu wa mtaa. Wachongaji na waendeshaji wenzetu:

Saa tatu kasoro robo asubuhi ya leo gari lako lilisimama kwenye mawe ya lava, mwanzo wa uchochoro huu wa Birere, na halikuendelea. Sanduku lako lilimalizia safari juu ya chukudu, nawe ukalifuata kwa miguu ukicheka. Mstari huu tumeuongeza kwa kalamu. Mengine yalichapwa jana. Tunauanza kwa sababu sote tumeushuhudia: chukudu ilifika.

KARIBU

Chukudu, kwa ambaye anaiona leo mara ya kwanza, ni chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, usukani, na ubao wa kuwekea goti. Haina pedali wala mnyororo. Inapanda kwa kusukumwa, inateremka yenyewe, na inasimama mwendeshaji anapokanyaga kipande cha tairi kilichofungwa juu ya gurudumu la nyuma. Viazi na makaa ulivyovipita sokoni, sehemu kubwa vimeshuka hivyo kutoka Kibumba. Sisi ndio tunaozichonga na kuziendesha. Karibu kwetu.

TULIKOTOKA

Umoja wetu ulianza baada ya lava ya volkano kuunguza Goma mwaka 2002, mji ulipojengwa upya na mbao na mabati yake yakapita mikononi mwetu. Tangu hapo tuna desturi mbili.

Ya kwanza: chukudu haitoki karakana bila jina. Fundi hulichonga kwenye ubao wa mbele, na aliyelichonga kwanza ndiye mwenyewe. Hakuna mwingine atakayelirudia. Tunayo “Mungu Hasinzii”. Tunayo “Shemeji Ngoja”. Tunayo pia “Bibi Asijue”, ambayo bibi amekwisha kuijua.

Ya pili: chukudu ikivunjika kwenye mteremko wake wa kwanza, fundi wake huirudisha akiisukuma mwenyewe katikati ya soko, nasi tukimsindikiza kwa nyimbo. Adhabu nyingine hatuna, wala haijahitajika.

TULICHOFANYA

Mwandishi wa mikutano yetu, Mama Marcelline Katungu, ndiye aliyeona kwamba picha za chukudu zetu zinatumiwa kwenye kurasa za watu ambao hawajawahi kuchonga hata gurudumu moja. Mteja wa mbali anayetafuta chukudu anafika kwao, hafiki kwetu. Jambo hilo lilimkera kwa muda mrefu, naye si mtu wa kukereka bila kufanya kitu. Alitafuta, akasoma, akagundua kwamba miisho mipya ya anwani za mtandao imefunguliwa, ile inayokuja baada ya nukta, na mmojawapo ni wa vyombo vya magurudumu mawili: nukta velo, yaani baiskeli. Alituletea pendekezo mkutanoni: congo.velo. Mtu aliye mbali ataandika nchi, ataandika chombo, atatupata.

Kulizuka ubishi kama chukudu ni velo. Papa Kambale, mchongaji wetu mkongwe, aliufunga kwa kusema kwamba velo ni chukudu iliyoharibiwa kwa mnyororo. Tukapitisha.

Mama Marcelline alisema ataliomba jina hilo. Sisi tulisikia amelipata. Kabla hajarudi kwetu tulikuwa tumelichonga kwenye kila chukudu mpya, maana kwa desturi yetu aliyechonga amekwisha kumiliki. Alipoingia karakana akakuta mbao za mbele zimepangwa, zote zikisema congo.velo, alipitisha ukucha ndani ya herufi, kisha akaketi juu ya gogo. Papa Kambale akamuuliza kama kuna herufi iliyopinda.

“Herufi ni nzuri, papa,” alijibu. “Mimi ndiye sijapata jibu.”

KILICHOTUKWAMISHA

Jibu lilikuja. Kampuni inayotoa anwani za mwisho huo ilisema majina ya nchi yamewekwa kando: hapewi mtu mpaka serikali ya nchi husika iridhie. Mama Marcelline alilisoma mbele yetu kwa sauti ile ile anayosomea ajenda.

“Congo ni ya kwetu,” alisema Papa Kambale. “Tunaomba nani tena?”

“Tunajiomba sisi wenyewe, papa. Lakini sisi wenye kashe.”

Watu walicheka, wengine wakigonga meza kama wanaopiga kashe hiyo, yaani mhuri wa serikali. Yeye hakucheka, kwa kuwa alikuwa na aya ya pili mkononi: jina congo linatumiwa na nchi mbili, hivyo ng’ambo ya mto nako waulizwe.

Wakati huo chukudu zilikuwa zimekwisha kutoka. Zimefika hadi mji wa Kiwanja. Watu wanasoma ubao, wanaandika anwani kwenye simu, hawaoni kitu. Wafanyabiashara wa Birere wana maneno yao, na huyasema Mama Marcelline anapopita: “Chukudu yenu inafika Kiwanja, anwani yenu haitoke hata Birere.”

Tulifikiria kupiga randa mbao zote. Papa Kambale alipima kina cha herufi, akasema ubao utakaobaki hautashika usukani. Ndipo Mama Marcelline aliposimama na kutangaza kwamba jina lile ni chukudu yake, na likikataliwa ataisukuma moja sokoni yeye mwenyewe, ikiwa na mzigo wa viazi. Tulimwambia desturi hiyo ni ya mafundi. Alisema yeye ndiye aliyelichonga kwanza, kichwani. Tukapitisha hilo nalo. Tunakiri pia kwamba waimbaji wameanza mazoezi.

TUNACHOOMBA

Mgeni rasmi, kabla ya neno congo kila ubao una nafasi tupu. Tulikuwa tumeiacha kwa ajili ya nyota ya bendera. Herufi mbili, r na d za “République Démocratique”, zinaenea hapo, na anwani inakuwa rdcongo.velo. Mama Marcelline aliiuliza kampuni safari hii kabla ya patasi kutoka mfukoni. Ilijibu kwamba jina hilo linaonyesha nchi moja tu, na ridhaa ya serikali moja itatosha.

Tunaomba ridhaa hiyo kwa maandishi.

Hatuombi majina ya nchi yafunguliwe kwa kila anayetaka; tumeona picha zetu zilikokwenda. Wala hatuombi jina tulifungie kabatini. Serikali ikitaka mafundi wa velo wa Bukavu au Kisangani nao wapate ukurasa humo, tutasogea. Na kama jibu ni hapana, tunaomba tuambiwe hapana. Ubao uliokataliwa unaweza kuwa kuni. Ubao unaosubiri hauwi kitu.

Chukudu iliyo mbele yako, Mama Mkurugenzi, ni zawadi ya ofisi yako. Lakini desturi unaijua sasa: haiwezi kutoka hapa kabla jina lake halijakamilika. Jana Papa Kambale alichora herufi mbili kwa makaa. Hakuchonga. Patasi iko mezani, karibu na glasi yako ya maji. Mama Marcelline ameketi safu ya mbele, amevaa viatu vya mpira, ili awe tayari kwa jibu lolote.

Mungu aliyekuvusha juu ya mawe yetu akurudishe salama kwa watu wako, na akupe usingizi mwema baada ya kazi njema. Aipe nchi yetu amani, na barabara zenye mteremko.

Ni sisi, Umoja wa Wachongaji na Waendeshaji Chukudu wa Birere, Goma. Imesomwa kwa niaba yetu na Habarurema, mwenyekiti.

Mstari wa mwisho, kwa kalamu, wakati wimbo wa makaribisho ukiendelea: Mgeni rasmi ameinuka, amesoma ubao, amepitisha kidole juu ya herufi mbili. Kidole chake kina makaa. Herufi bado zinasomeka.